MWALIMU MPYA, USIUZE KAZI YAKO KWA BEI YA KUTUPA



Kila mwaka vyuo vyetu vyatoa maelfu ya waalimu wapya, na kila mwaka waalimu hao hupewa maneno yale yale. Huambiwa: Jiandaeni kutafuta kazi. Andika barua safi. Azima koti. Jibu maswali kwa sauti ya upole. Ukiulizwa habari ya mshahara, sema utapokea chochote. Na ukikosa kazi, basi kosa ni lako, hukujiandaa sawasawa.

Sisi twasema kwamba maneno hayo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli humpoteza mtu zaidi ya uwongo mtupu. Hatukatai kwamba mwalimu mpya lazima ajiandae. Lakini kujiandaa kwake kuna mambo matatu: makaratasi, sheria, na chama. Washauri wengi humpa la kwanza, humnyima la pili, na humtisha asilikaribie la tatu. Leo tutayasema yote matatu wazi wazi, ili kila mwanachama akamsomee mwanawe, mdogo wake au jirani yake aliyetoka chuoni. Nanyi mnaofanya kazi bandarini, viwandani, maofisini na mashambani, msigeuze ukurasa mkidhani haya ni ya waalimu tu. Karo ya mtoto huyo ilitoka katika mshahara wenu.

KAZI IPO, KINACHOKOSEKANA NI MSHAHARA

Kwanza tuondoe uwongo mmoja. Mwalimu mpya akikaa nyumbani mwaka wa tatu, watu husema kazi hapana. Si kweli. Nenda shule yo yote ya msingi ya serikali uhesabu watoto katika darasa moja. Nenda shule za sekondari ya msingi, zilizoanza mwaka 2023, utazame mwalimu mmoja akifundisha masomo ambayo hakuyasomea kwa sababu wa kuyafundisha hayupo. Mwaka huo huo wa 2023 Tume ya Waalimu, yaani TSC, yenyewe ilisema upungufu wa waalimu katika shule za serikali wapita 100,000. Na wakati huo huo waalimu waliosajiliwa wasio na kazi wahesabiwa kuwa zaidi ya 300,000.

Basi tazameni. Upande huu watoto wasio na mwalimu, na upande ule waalimu wasio na watoto. Katikati hapana bahari wala mlima. Kilichoko katikati ni fedha, na ni Bunge ndilo lipitishalo fedha. Mambo hayo ni maamuzi ya watu, hayakushuka na mvua.

Wala hayakuwa hivi siku zote. Ilikuwapo zamani mwalimu akitoka chuoni hupelekwa shule moja kwa moja. Mwaka 1998 serikali ikafunga mlango huo, na ulipofunguliwa tena, ulifunguliwa kidogo: huajiriwa mtu pale tu ambapo nafasi imetangazwa na fedha imetengwa. Kisha mwaka 2003 serikali ikaondoa karo katika shule za msingi, watoto wakafurika madarasani, lakini waalimu hawakuongezwa kwa kadiri ile ile. Kwa hiyo anayemwambia mwalimu aliyemaliza chuo miaka mitano iliyopita kwamba amekosa kazi kwa sababu koti lake halikupigwa pasi, huyo anamfanyia mzaha mtu mwenye msiba.

JAMBO LA KWANZA: MAKARATASI

Lakini tusimpe adui sababu. Twajua waalimu wazuri wanaoondolewa kabla ya mashindano kuanza, kwa ajili ya karatasi moja. Mlango ukifunguka hufunguka kwa siku chache tu, na asiye na karatasi zake tayari hubaki nje. Basi mwalimu mpya, fanya haya sasa, usingoje tangazo.

Moja. Pata cheti chako cha KCSE mkononi. Wako waalimu wenye digrii ambao cheti chao cha sekondari kimefungiwa kabatini shuleni kwa ajili ya deni la karo. Serikali imetangaza mara nyingi kwamba shule haina ruhusa ya kuzuia cheti cha mtihani. Nenda ukakidai, na ukinyimwa, nenda na mzazi wako na mtu wa chama katika ofisi ya elimu ya wilaya ndogo.

Mbili. Tazama majina yako. Kitambulisho chasema Wanjiku Mary, cheti chasema Mary Wanjiku, chuo kimeandika jina la tatu ambalo hulijui. Mambo haya yaonekana madogo mpaka siku karani anapokurudisha nyumbani. Yatengeneze mbele ya wakili mapema.

Tatu. Jiandikishe katika Tume. Sheria ya Tume ya mwaka 2012 yakataza mtu kufundisha bila kusajiliwa. Asiye na namba ya TSC hata shule ya mtu binafsi haifai kumchukua, na ikimchukua kwa siri, itamlipa kama mtu wa siri. Usajili wataka vyeti vya masomo, kitambulisho, namba ya kodi ya KRA, fomu ya daktari, picha, na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Hicho cha polisi hulipiwa zaidi ya Sh. 1,000 na ni lazima upigwe alama za vidole. Kikichelewa, nawe umechelewa.

Nne. Soma tangazo la Tume mahali pake, katika mtandao wa Tume yenyewe au gazetini, wala si katika maneno ya mtu wa kituo cha matatu. Tazama masomo yanayotakiwa, na kaunti. Tume hutoa alama kwa vyeti, na hutoa alama pia kwa mwaka uliomaliza chuo, ili waliongoja muda mrefu wapewe nafasi. Basi aliyemaliza juzi ajue kwamba huenda akangoja, naye aliyemaliza zamani ajue kwamba ana haki ya kuuliza alama zake. Matangazo ya Tume yametaka pia mtu asipite miaka 45. Fikirini: mtu aliyefungiwa mlango tangu ujana wake huambiwa sasa amezeeka!

Tano. Siku ya kuitwa, beba vyeti vyenyewe na nakala zake. Acha nakala nyingine nyumbani, na picha zake katika simu. Usimwachie mwajiri ye yote cheti chako chenyewe alale nacho. Mwajiri anayetaka kukaa na vyeti vyako ataka kukaa na miguu yako.

Na barua ya kuomba kazi iwe fupi. Sema masomo yako mawili, darasa ulizofundisha ulipokuwa mazoezini, michezo au kwaya uliyoongoza, na namba yako ya Tume. Usijisifu kwa usiyoyajua. Usiandike kwamba u mtumishi mnyenyekevu wa mtu. Siku hizo zimepita.

JAMBO LA PILI: SHERIA

Hapa ndipo washauri hunyamaza. Humfundisha mwalimu namna ya kujibu maswali, lakini hawamfundishi namna ya kuuliza. Mtu anayekwenda sokoni kuuza ng'ombe huuliza bei. Mwalimu auzaye siku zake, sauti yake na macho yake, je, yeye asiulize?

Mwalimu mpya asiyepata kazi ya Tume huenda sehemu mbili: kwa bodi ya shule ya serikali, akawa mwalimu wa BOM, au katika shule ya mtu binafsi. Huko kote aulize maswali haya, tena ayaandike majibu: Nani atakayenilipa? Kiasi gani, na tarehe gani? Nitafundisha vipindi vingapi kwa juma? Je, kulala zamu na wanafunzi, kufundisha Jumamosi na kuendesha michezo vimo katika mshahara huo, au ni juu yake? Mwezi wa likizo nalipwa au silipwi? NSSF na bima ya afya zitalipwa? Mkataba uko wapi?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iko upande wake, naye hajui. Twaandika vifungu vyenyewe hapa ili akavisome.

Kifungu cha 9 chasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na ni mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuuandika. Kifungu cha 10 chataja yatakayoandikwa: jina la kazi, mahali, saa, mshahara, likizo na mengine. Tena kifungu hicho chasema kwamba kukiwa na kesi na mwajiri akashindwa kutoa mkataba, yeye ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha. Kifungu cha 20 chataka mfanya kazi apewe karatasi ya kuonyesha mshahara wake na kila kilichokatwa. Kifungu cha 28 chatoa likizo ya siku 21 kwa mwaka, yenye malipo. Kifungu cha 35 chasema anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku 28 kabla ya kuondolewa. Kifungu cha 42 chasema muda wa kujaribiwa usipite miezi sita, na hauongezwi ila mfanya kazi mwenyewe akubali. Na kifungu cha 51 chasema ukiondoka upewe cheti cha kazi. Cheti hicho utakihitaji sana, maana ndicho kitakachoonyesha kwamba miaka uliyongoja hukulala.

Sasa pimeni sheria hiyo na mambo tunayoyasikia kila Jumamosi ofisini. Mwalimu afundisha muhula mzima bila hata karatasi moja. Mwezi wa Agosti haulipwi kwa sababu ati watoto wako nyumbani, kana kwamba tumbo la mwalimu nalo limefunga shule. Iko shule ya mtu binafsi iliyowaita waombaji wanane kwa nafasi moja, ikawafundishisha juma zima kila mmoja ili iwapime, na mwisho wa majuma hayo wote wanane wakaambiwa wangoje simu. Shule ilipata miezi miwili ya kazi bure, na simu haikulia. Somo moja la kuonyesha ujuzi, mbele ya mwalimu mkuu, ni haki. Juma zima ni kazi, na kazi ina malipo.

Mwalimu wa namna hii afanye nini? Atunze kila kitu. Barua aliyoitwa nayo, ratiba yenye jina lake, daftari la mahudhurio, na ujumbe wa M-Pesa uliomletea mshahara wake wa Sh. 7,000. Ujumbe huo ni shahidi asiyeweza kuhongwa. Sheria yampa mtu miaka mitatu ya kupeleka madai yake ya kazi mahakamani. Aje kwetu kabla ya miaka hiyo kuisha.

KUHUSU HONGO

Kuna maandalizi mengine ambayo hayaandikwi po pote, ila yajulikana kila kijiji. Mzee auza kipande cha shamba, apeleka fedha kwa mtu anayejua mtu, ili mtoto apate kazi ya kufundisha. Twasema bila kuzunguka: Usipeleke. Kuomba kazi ya Tume hakulipiwi. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 yamshika mpokeaji na mtoaji pia, kwa hiyo siku utakapodhulumiwa hutaweza hata kulia. Wangapi wameletewa barua zenye mhuri mzuri, wakafika shuleni na kuambiwa barua hiyo haijulikani?

Na mwaka 2025 tulisoma magazetini kwamba barua za ajira za waalimu zinagawanywa na wanasiasa mikononi mwao. Hilo nalo ni hongo, ila limevaa suti. Barua ya kazi si kofia ya kampeni. Mwalimu aliyepewa kazi kwa mkono wa mwanasiasa ataulizwa kura yake mwaka wa uchaguzi, na yule mwenye alama nyingi zaidi asiyejua mtu amebaki nyumbani. Twataka majina ya walioitwa na alama zao yabandikwe ukutani katika kila kaunti, ili kila mtu asome.

JAMBO LA TATU: CHAMA

Sasa tufike penyewe. Wako watu, wengine wakiwa wanachama wetu, wanaosema maneno matatu dhidi ya hoja yetu. Tutayajibu moja moja.

Wasema kwanza: Kidogo ni bora kuliko kukosa, na mwalimu mpya ashukuru kwa anachopewa.

Jibu letu: Hatumlaumu mwenye njaa. Mtu akichukua kazi ya bodi kwa Sh. 8,000 kwa kuwa ana mtoto na kodi ya nyumba, sisi si wa kumtupia mawe. Twamwambia achukue akiwa na macho wazi na karatasi mkononi. Lakini ajue pia kinachotendeka. Shule ikizoea kupata mwalimu mwenye digrii kwa Sh. 8,000 za wazazi, itaacha kupiga kelele ya kudai mwalimu wa Tume, na hesabu ya upungufu yafichika nyuma ya mgongo wake. Kila anayejiuza rahisi huwashusha bei na wenzake wanaongoja. Dawa yake ni wote waongee kwa sauti moja, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Wasema pili: Mpango wa waalimu wanagenzi ni mafunzo, na mwanafunzi hapati mshahara wa fundi.

Jibu letu: Mafunzo gani? Mwalimu huyo amekwisha kusoma chuoni, amekwisha kufanya mazoezi ya kufundisha, amekwisha kusajiliwa na Tume hiyo hiyo kuwa mwalimu kamili. Darasani hufundisha vipindi vile vile, hujaza kitabu kile kile, na mtoto akianguka hulaumiwa sawasawa na wengine. Mwaka 2023 mwanagenzi wa sekondari ya msingi alipewa Sh. 20,000 kwa mwezi kabla ya kukatwa, na yule wa shule ya msingi Sh. 15,000. Wakati huo huo kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali mwaka 2022 kwa mfagiaji au mtumishi wa bustani mjini Nairobi kilikuwa Sh. 15,201.65. Hatumdharau mfagiaji, maana ni ndugu yetu, na hizo fedha zake hazimtoshi. Twauliza tu: Serikali iliyoandika kwamba chini ya hapo mtu hawezi kuishi, iliwezaje kumpa mwalimu wa watoto wake chini ya hapo? Ikajibu kwamba hiyo ni posho, si mshahara. Basi duka la unga nalo lingekubali posho, tungenyamaza.

Na si sisi tu tuliosema. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba Tume haina idhini ya kuwaajiri waalimu waliosajiliwa kwa jina la wanagenzi. Tume ikakata rufaa. Na Januari 2025 wakaingizwa wanagenzi wengine wapatao 20,000. Hivyo ndivyo neno la mahakama lilivyoheshimiwa.

Wazee wa bandari ya Mombasa wanaijua hadithi hii. Zamani watu walijipanga asubuhi langoni, huyu akachaguliwa, yule akarudishwa, na aliyechaguliwa leo hakujua habari ya kesho. Waliitwa vibarua, na neno lenyewe lakumbusha kile kijibarua cha kazi ya siku. Waligoma mwaka 1939, wakagoma 1947, wakagoma tena 1955, na katika miaka hiyo ya hamsini ndipo kazi ya bandari ilipoanza kuwa ya watu walioandikishwa. Leo kibarua amerudi, ila safari hii ana digrii na chaki.

Wasema tatu, na hili ndilo litokalo kwa wanachama wenyewe: Hawa hawalipi ada ya chama, kwa nini chama kipoteze wakati juu yao?

Jibu letu: Ndugu, mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini shibe yako ina ukuta mwembamba. Mwajiri anayeweza kupata waalimu wawili au zaidi kwa mshahara wako mmoja, atakusikiliza kwa nini ukidai nyongeza? Siku ukigoma, nani atakayeambiwa aingie darasani kwako? Ni huyu uliyesema hakuhusu. Ada ya chama hukatwa kwa urahisi katika mshahara wa Tume, na ndiyo sababu wengine wamezoea kumwona mwanachama kuwa ni yule tu mwenye karatasi ya mshahara. Lakini Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuingia chama, awe wa Tume, wa bodi au wa mtu binafsi.

Na neno kwa wanachama waliopanda vyeo wakawa waalimu wakuu. Wewe ndiwe unayekaa katika bodi inapokubaliwa kwamba mwalimu wa BOM asilipwe mwezi wa likizo. Usiseme ulikuwa katibu tu. Huwezi kuvaa shati la chama Siku ya Wafanya Kazi na siku ya pili ukamnyima mwenzako mkataba.

TULICHOPATA TULIKIPATA PAMOJA

Anayedhani kazi ya kudumu hupatikana kwa barua nzuri peke yake, atazame nyuma.

Zamani mwalimu alikuwa na mabwana wengi: misheni, halmashauri, serikali, kila mmoja na sheria zake. Mwalimu wa misheni aliweza kufukuzwa kwa sababu ya ndoa yake. KNUT ilipoanzishwa mwaka 1957, dai lake kubwa lilikuwa mwajiri mmoja na masharti mamoja kwa waalimu wote. Mwaka 1967 Tume ikaundwa kwa sheria ya Bunge. Hii Tume tunayogombana nayo leo, waalimu wenyewe ndio waliopigania izaliwe.

Septemba 2011 serikali ilikuwa na waalimu wa mkataba wapatao 18,000, kila mmoja akingoja neno la kumaliza au kumwongezea muda. Waalimu wakagoma nchi nzima. Waliogoma wengi walikuwa na kazi zao za kudumu, wakagoma kwa ajili ya wasio nazo. Mgomo ulipokwisha, serikali ilikubali kuwaingiza wale wa mkataba katika kazi ya kudumu.

Na mwaka 2024 wanagenzi wa sekondari ya msingi waliacha chaki mwezi wa Mei, wakatembea barabarani miji mingi, wengine wakatishwa kwa barua za kufukuzwa. Agosti KUPPET ilipogoma, kuwaajiri hao kulikuwa katika madai yake. Januari 2025 wanagenzi wapatao 46,000 wakaingizwa katika kazi ya kudumu yenye pensheni. Wale wale walioambiwa fedha hazipo! Fedha zilipatikana watu walipokuwa wengi na sauti ikawa moja.

TUNAYOTAKA

Kwa serikali na Bunge twasema: Kwanza, waalimu waajiriwe kwa masharti ya kudumu, na kuwe na hesabu ya kila mwaka inayojulikana mapema ya kumaliza upungufu. Pili, jina la mwanagenzi lisitumike kumpa mwalimu aliyesajiliwa nusu ya haki yake. Tatu, waalimu wa bodi walipwe kutoka mfuko wa serikali kwa kadiri ya vyeti vyao, wala si kutoka mfuko wa mama auzaye mboga. Nne, orodha na alama za walioitwa zibandikwe wazi.

Na tusingoje Juni wakati bajeti inaposomwa, maana wakati huo chungu kimekwisha kuepuliwa. Hazina hupeleka mpango wa fedha Bungeni kabla ya tarehe 15 Februari. Hapo ndipo mbunge wenu aulizwe, na aulizwe mbele ya watu: Waalimu wangapi, na kwa masharti gani?

Kwa matawi yetu twapendekeza haya, na tutayaleta katika mkutano mkuu wa tawi:

(1) Kila tawi lifungue daftari la waalimu wapya wa sehemu yake, lenye jina, masomo, mwaka wa kumaliza na mahali anapofundisha sasa, ikiwa anafundisha. Asiye na kazi asidaiwe ada.

(2) Jumamosi moja kila mwezi ofisi iwe wazi kwa ajili yao. Mwanachama mwenye ujuzi asome makaratasi yao, mwingine awaeleze sheria, na mikataba isomwe kabla haijatiwa sahihi.

(3) Kila mwakilishi wa chama shuleni ahesabu waalimu wa BOM na wanagenzi walioko kwake, aandike wanalipwa kiasi gani na kama wana mkataba, alete orodha. Tukienda kusema na wakubwa, tuwe na hesabu mkononi.

(4) Mwanachama aliye mwalimu mkuu awe wa kwanza kutoa mikataba ya maandishi katika shule yake, kabla hatujamwuliza.

(5) Shule isiyolipa itajwe katika mkutano wa tawi, na madai yapelekwe kwa ofisa wa kazi wa kaunti.

Haya yote hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji daftari, benchi na watu wa kukaa hapo.

NENO LA MWISHO KWA MWALIMU MPYA

Tengeneza vyeti vyako. Piga pasi koti lako, si vibaya. Lakini unapoingia mlango wa shule ukumbuke kwamba huji kuomba sadaka. Watoto wamo darasani wanakungoja, na nchi imekwisha kukiri kwamba inakuhitaji. Uliza mshahara. Uliza mkataba. Ukijibiwa kwamba mwalimu mzuri hafikirii fedha, mwulize mwenye shule kama yeye hutoza karo au hatozi.

Na ukitoka hapo, umepata au umekosa, njoo tawini. Usingoje mpaka ufukuzwe ndipo uulize ofisi ya chama iko wapi. Njoo na mwenzako mliyemaliza naye. Watu 300,000 wanaongoja kila mmoja chumbani kwake ni huzuni tupu. Watu hao hao wakijuana majina, ni nguvu ambayo hapana serikali inayoweza kuipuuza.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi ndugu zenu,
Halmashauri ya Tawi.

(Ukisha kusoma, mpe mwingine. Karatasi hii isilale mezani.)